Mlinzi wa Viatu vya Alhamisi

Ukienda kumtembelea mtu aliyeacha kanisa, usiende saa ya kula. Atadhani umefuata wali, na wewe ukishapakuliwa utashindwa kumwambia lililokupeleka. Usiende siku ya mechi ya watani wa jadi; siku hiyo hata malaika akishuka Mbagala ataambiwa asubiri mapumziko. Nenda akiwa kazini. Fundi mkute kwenye kibanda chake, mama ntilie mkute anachambua mchele. Mtu mwenye kazi mkononi hapati nafasi ya kukutungia uongo mrefu.

Mie nilikuwa mwinjilisti wa mtaa huku Mbagala mpaka nilipostaafu, na kazi niliyoifanya kuliko zote ni hiyo ya kuwafuata waliorudi nyuma. Wenzangu walipangiwa kwaya, walipangiwa darasa la kipaimara. Mie, benchi likionekana lina nafasi, mchungaji alikuwa ananigeukia kana kwamba aliyekuwa amekaa pale nimemficha mie. Sasa nyie wainjilisti wapya, mliokulia mtaa huuhuu, mmeniomba niwaambie ninachokijua. Haya, nitawaambia, ila sehemu kubwa itakuwa habari za mtu mmoja, Mzee Damiani fundi viatu, ambaye nimehangaika naye miaka na miaka nikitaka avuke kizingiti. Sisemi mlango wa mbinguni, ule una mwenyewe. Nasema mlango wa mbao, wa kawaida, wa nyumba ambayo watu wamo ndani wanasali na yeye amekaa nje.

Kwanza nilivyofundishwa. Aliyenifundisha ni Mwinjilisti Yohana, marehemu sasa, mtu mrefu, mkali, aliyekuwa na maonyo yote ya Biblia kichwani. Wale waliotoka Misri wakafia jangwani, tawi lililokauka likatupwa motoni, chumvi iliyoharibika, wale wa Laodikia waliokuwa vuguvugu wakakaribia kutapikwa. Akifika kwa mtu anayamwaga yote kwa mkupuo mmoja, kisha anauliza, "Umesikia?" Mtu anasema nimesikia. "Jumapili utakuja?" Nitakuja. Tunaondoka, na Jumapili mtu haji. Nilifuatana naye muda mrefu kabla sijaelewa kwamba anayekubali haraka ameshaondoka zamani, amebakiza adabu tu. Anayekugombeza, anayekutajia unafiki wa wazee wa kanisa mmoja mmoja kwa majina, huyo bado yumo. Habari zote hizo kazipata wapi kama hafuatilii?

Pia hakikisha nyumba. Hilo nalisema kwa sababu. Nilipoanza kazi nilielekezwa kwa mwanamke mmoja aliyeacha kusali, nyumba ya bati jekundu, ng'ambo ya msikiti. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikafungua Waebrania, nikamwonya yule mama kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia moyo hauwi mgumu kwa siku moja, unaanza na Jumapili moja ya mafua. Nikamwambia asingoje kesho, maana waraka unataka tuonyane maadamu iitwapo leo. Yule mama katulia, kanisikiliza mpaka mwisho, kaniletea na kahawa na kashata. Halafu akasema, "Mwanangu, mie naitwa Mwajuma, Mzaramo wa hapahapa, Mwislamu toka kwa babu. Unayemtafuta alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma. Kahama."

"Sasa mama, mbona hukunikatiza?"

"Ulikuwa unasema vizuri. Na mie swala ya alfajiri nilikuwa nimeanza kuilegeza."

Huyo ndiye Bi Mwajuma, ambaye baadaye nilikuja kujenga jirani naye, ukuta kwa ukuta. Mpaka leo akiniona natoka na mkoba ananiuliza, "Leo unamwonya nani?"

Sasa Mzee Damiani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Masasi kama mie, ana kibanda chake cha mabati pale karibu na Rangi Tatu. Kwenye kwaya aliimba besi, na akishusha sauti unaisikia kwenye benchi ulilokalia. Siku moja nilimpelekea viatu vyangu vya kahawia, kisigino kimelika upande wa kushoto. Nakanyaga vibaya tangu utoto. Akavigeuza, akavitazama, akachukua sindano yake kubwa, akasema bila kuinua macho:

"Mama Mwinjilisti, mie siamini tena."

"Huamini nini?"

"Mungu." Akavuta uzi. "Juzi nilikuwa nashona soli huku naomba, kama siku zote. Katikati nikaona naongea peke yangu. Nikanyamaza. Soli ikaisha, sikuona tofauti."

Nikamuuliza nani kamuudhi. Hakuna. Kafiwa? Hapana. Kasoma vitu kwenye simu? Simu yake ni kitochi, ina redio na tochi basi. Mtu akikwambia ameacha imani kwa sababu mchungaji kamdharau, unajua pa kushika. Huyu hakuwa na pa kushika. Niliogopa, jamani. Nilikaa kwenye kile kigoda chake mikono imepoa, na jua la saa nane linawaka.

"Nataka mnisome kanisani," akasema. "Mnawasoma walioongeza wake, mnawasoma walevi. Na mie nisomwe. Siwezi kukaa benchi la wazee nakusanya sadaka na ndani hakuna kitu. Huo ni uongo, sikulelewa hivyo."

Kwetu mtu akitengwa, jina lake husomwa Jumapili mbele ya watu wote. Siku akitubu anapiga magoti palepale mbele, anarudishwa kundini, na akina mama wanapiga vigelegele mpaka mabati yanalia. Kwa hiyo nililipeleka jambo kwenye baraza la wazee. Katibu wa baraza alikuwa Mzee Elia, karani mstaafu, mtu wa utaratibu hata kwenye kunywa maji.

"Ana mwanamke wa pembeni?" akauliza.

"Hana."

"Anakunywa?"

"Soda ya tangawizi."

"Kaenda kwa mganga?"

"Mganga naye hamwamini."

"Basi kahamia kwa manabii wa mafuta."

"Hajahamia popote, Katibu. Haamini tu."

Mzee Elia akaweka kalamu chini. "Hiyo haipo," akasema. Akatueleza kwamba kwenye utaratibu wetu uko uzinzi, uko ulevi, uko ushirikina, uko ugomvi na kuhama bila taarifa. Kutokuamini peke yake hakuna. Mzee mmoja akashauri asomwe kwa ulevi, kwa kuwa ndiyo dhambi nyepesi. Nikamwambia hapo waongo tutakuwa sie. Mwishowe likapelekwa kwenye mengineyo, na mnavijua vikao vyetu, mengineyo hayafikiwi, chai inakuwa imeshaletwa. Nijuavyo mie limo humo mpaka leo.

Watu nao wakaanza kuuliza mbona benchi la wazee lina pengo. Mzee Elia, kwa nia njema kabisa, akatangaza Jumapili kwamba Mzee Damiani haendelei vizuri, tumkumbuke kwenye maombi. Akina mama wa kwetu mnawajua. Kabla jua halijazama nyumba ya watu imejaa: uji wa ulezi, machungwa, supu ya kuku kwenye hotipoti. Mgonjwa wamemkuta uani anagonga kiatu kwa nyundo.

"Siumwi," akawaambia. "Siamini."

"Pole baba," akasema mama mmoja mtu mzima. "Imekuanza lini?"

Akajibu ni kama wiki mbili hivi. Wakamuuliza kama anapata usingizi. Anapata. Kula anakula? Akawaonyesha bakuli la uji, limeshaisha. Wakasema basi Mungu ni mwema, wakamwombea hivyohivyo na nyundo yake mkononi, wakaaga.

Mkewe, Mama Tumaini, alinifuata mpaka njiani, kanga mdomoni, analia. Yeye alikuwa anaamini vizuri tu, na aliogopa kitu kimoja, kwamba yeye na mtu aliyeishi naye maisha yote mwishoni watashika njia mbili tofauti. Akanishika mkono. "Mama Mwinjilisti, nirudishie mume wangu ndani." Nikamwahidi. Vijana, msiwe mnaahidi ahadi za namna hiyo barabarani, watu hawasahau.

Nikawa naenda kibandani kwake wiki baada ya wiki. Nasoma, anashona. Mbishi hakuwa. Siku moja akaniomba nirudie ile sehemu ngumu ya Waebrania, ya wale waliokwisha kuonja mema ya Mungu kisha wakaanguka, kwamba kuwarudisha tena haiwezekani. Nikairudia.

"Kama haiwezekani," akaniuliza, "wewe unakuja kufanya nini hapa na jua hili?"

Swali hilo mtaulizwa, na kama hamjajiandaa mtabaki mnafunua kurasa. Kwanza, usiishie kwenye mstari unaotisha. Endelea mbele kidogo tu, yuleyule mwandishi aliyetutisha anageuka anasema wapenzi, kwenu nyie tunatarajia yaliyo mema zaidi. Wengi tunafunga kitabu kabla hajafika hapo, tunamwacha mtu wa watu motoni. Pili, jiulize onyo linamwambia nani. Nikamjibu Mzee Damiani, "Limeandikwa ili mie nisianguke. Halikuandikwa ili wewe usirudi."

Akaliwaza. "Jibu zuri," akasema. Moyo ukanipanda. "Lakini siamini," akasema, akaniomba nimpe mkasi.

Halafu yakaja mambo ya viatu. Jumuiya yetu ni nyumba chache zinazosali pamoja kila Alhamisi saa kumi jioni, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kwa kuwa tunakaa kwenye mikeka, viatu vinaachwa barazani. Sasa vikaanza kuibwa. Unaingia na viatu, unatoka huna. Mzee Elia aliibiwa vya ngozi, vipya, akarudi kwake na malapa ya mkewe ya rangi ya waridi, akapita hivyo mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Wiki iliyofuata watu walikuja wachache, na waliokuja walisali jicho moja likiwa mlangoni.

Zamu ikafika kwa Mama Tumaini. Tulikuwa tunajiuliza mwenye nyumba atafanya nini, maana kwa desturi baba mwenye nyumba ndiye anayefungua ibada kwa kukaribisha. Tukamkuta Mzee Damiani katandika mikeka, kachemsha chai, kasimama mlangoni na shati la Jumapili. "Karibuni," akasema. "Mwenye ibada ni Mama Tumaini. Mie nitakaa na viatu."

Akakaa nje na viatu. Tukiimba, yeye anatazama barabara. Na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akachukua kiatu kilichoachama mdomo akakishona, akachukua kingine akakipiga gundi. Tulipotoka, watu kadhaa waliondoka na viatu vizima kuliko walivyokuja navyo.

Alhamisi iliyofuata wakamwomba aje hata kama ibada iko nyumba nyingine. Akaja na kigoda chake na sindano yake. Mahudhurio, eh! Watu ambao nilikuwa nimewafuata mpaka nikachoka wakaanza kujileta wenyewe, miguuni jozi moja, kwenye mfuko jozi nyingine. Mzee Elia aliandika kwenye taarifa ya mtaa kwamba jumuiya yetu imepata uamsho. Sikumsahihisha, maana wengine kati yao walikuja kwa ajili ya soli na bado wapo hadi leo, soli zilishaisha.

Kila Alhamisi nikifika mlangoni namwambia, "Ingia, Mzee." Naye ananijibu, "Nalinda viatu."

Kumbe alikuwa anafanya na kingine. Alhamisi moja ibada imeisha akaniambia, "Vya Mama Neema sijaviona wiki ya pili hii. Vile vyeusi vyenye kifungo." Mie sikuwa nimegundua, ndani kulikuwa kumejaa, kuimba kumekolea, utajuaje? Nikamfuata Mama Neema nikamkuta kajifungia, binti yake kapata mimba shuleni, anaona aibu kutazama watu. Tukakaa naye. Akarudi. Tokea hapo ikawa ndiyo kazi yetu: yeye ananiambia viatu visivyokuja, mie nafuata miguu. Maonyo yote niliyokuwa nikiwapelekea watu wakishaanguka, sasa nilikuwa nafika wakiwa bado wanayumba. Na aliyekuwa ananituma ni mtu asiyeamini. Mama Tumaini akiniuliza, "Vipi, anakaribia?" namwambia, "Yupo mlangoni." Anasema, "Mlangoni alikuwepo na mwaka jana."

Nikastaafu. Mlinipa kitenge, beseni kubwa, na saa ya ukutani, saa ya mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Akaja Mwinjilisti Godi, kijana mzuri, mnamjua, msimwambie nimemsema. Yeye maonyo yake anayatuma alfajiri kwenye grupu la simu la jumuiya, na watu wanajibu Amina wakiwa kitandani. Sisemi ni vibaya. Na mie nilikuwa najibu.

Alhamisi ya kwanza nilikaa kwenye mkeka nimeshika mkoba hauna kazi, nikaumia. Ya pili nilikuwa na mafua. Ya tatu walikuja wageni. Baada ya hapo sikuwa na mafua wala wageni, nilikaa tu. Nilikuwa nakuna nazi yangu, nasikiliza redio, najisikia vizuri kabisa. Hilo ndilo nataka mlisikie vizuri. Nilidhani siku nikianguka patakuwa na kishindo. Hakikuwepo. Mtu aliyefundisha mtaa mzima kwamba moyo unaanza kuwa mgumu kwa Jumapili moja ya mafua alikuwa amekaa barazani kwake hana hata homa, na wote mnaona Amina yangu kwenye grupu kila asubuhi, mnajua Mama Mwinjilisti mzima.

Mzee Damiani kwenye grupu hayumo. Ana kitochi.

Akaja Alhamisi saa tisa. Hakuwahi kuja kwangu pasipo ibada kabla ya siku hiyo. Akapiga hodi, nikamkaribisha huku nakuna nazi, akakataa kiti akasimama.

"Vya kahawia," akasema. "Kisigino kimelika kushoto. Sivioni."

"Nilikuwa na mafua."

"Hiyo Alhamisi moja. Halafu?"

"Wageni."

"Halafu?"

Nikapandwa na hasira, mnanijua. "Khaa! Wewe wa kuniuliza mie? Wewe usiyeamini chochote, unakuja nyumbani kwangu kunihoji habari za ibada? Godi hajaja! Mchungaji hajaja! Mzee Elia hapo bondeni tu hajaja!"

"Ndiyo nikaja," akasema. "Nimeona hakuna anayekuja." Akavuta kiti alichokikataa, akakaa. "Ule waraka wako unataka watu waonyane kila siku. Nimekaa nje ya milango yenu miaka yote, masikio sina kizibo. Sijasikia panaposema anayeonya awe nani."

Nikaendelea kukuna nazi. Akaniuliza, "Kuomba unaomba?"

Sijui kwa nini nilimwambia kweli. Pengine kwa sababu nilikuwa na kazi mkononi. Nikamwambia nafumba macho, nafumbua, nimeshasema amina, katikati hakuna kitu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kiatu anachokifahamu.

"Siku ile nilipowaambia siamini," akasema, "watu wote walinipa pole. Wewe peke yako uliogopa. Nilikuona, uso ulikubadilika. Nikasema moyoni, huyu anaona shimo hapa mbele yangu. Mie shimo silioni, lakini nikajua yupo mtu analiona. Kwa hiyo nikabaki karibu. Sasa leo umenisimulia hayo uliyonisimulia, na mkono wako haujaacha kukuna nazi. Huogopi, Mama Mwinjilisti. Basi nimeogopa mie."

Mkono ukasimama. Niliogopa hapohapo, kuliko siku ile kibandani kwake. Nililia, vijana, mtu mzima na mbuzi ya nazi chini yangu. Yeye akawa anaitazama saa ya ukutani mliyonipa.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Mzee Damiani, leo unamwonya nani?"

"Mama Mwinjilisti."

"Afadhali," akasema Bi Mwajuma. "Nilikuwa namwona anakaa tu."

"Vaa viatu," Mzee Damiani akaniambia. "Saa kumi inakaribia."

Nikavaa. Tukaenda, yeye mbele na kigoda chake. Mlikuwepo, mlinikumbatia, mkasema Mama Mwinjilisti tulikukosa, ila Amina zako tulikuwa tunaziona. Siku hiyo nilifumba macho nikaogopa, na nilipoogopa nikapata cha kusema. Kabla sijaingia nilikuwa nimemwambia, "Na wewe ingia." Akasema, "Nalinda viatu."

Masika ikaja. Ibada ilikuwa kwa Mzee Elia, kule bondeni, mnakujua kunavyojaa. Katikati ya wimbo mvua ikashuka kama imemwagwa, na maji ya barabarani yakapanda barazani. Tukasikia Mzee Damiani anapiga kelele. Yale malapa ya rangi ya waridi, ambayo Mzee Elia aliishia kuyarithi, yalikuwa yanaelea kuelekea mferejini. Tukapokezana viatu vyote vikaingia ndani, na mlinzi wake akaingia navyo. Akasimama nyuma ya mlango, buti zake mguuni, anachuruzika maji, anahesabu jozi kwa macho. Hakuna aliyegeuka. Hatukuwa tumeambiana, lakini hakuna aliyegeuka, tukaendelea kuimba. Kwenye ubeti wa mwisho nikasikia besi. Ilikuwa ya chini sana, ya mtu anayekumbuka tu wimbo, lakini Mama Tumaini aliyekuwa kando yangu aliacha kuimba ili aisikie.

Wiki iliyofuata kukawa kukavu, akarudi nje.

Nikawaza sana. Mtu huyu haonywi tena, maonyo anayajua kuliko mie. Kumbembeleza nimembembeleza mpaka nimezeeka. Lakini kikazi anaingia: viatu vikiingia, naye anaingia.

Alhamisi iliyopita zamu ilikuwa kwangu. Kiangazi, jua linawaka, juu hakuna wingu hata la kusingizia. Watu wakaanza kuvua viatu barazani, Mzee Damiani ameshaweka kigoda chake. Nikasimama mlangoni.

"Leo viatu vinaingia ndani," nikasema.

Mzee Elia akatazama juu. "Kwa nini, Mama Mwinjilisti?"

"Mvua."

"Mvua ipi?"

"Itanyesha." Lini, sikusema.

Upande wa pili wa ukuta Bi Mwajuma alikuwa ameanika nguo. Akaanza kuzianua, shuka kwa shuka, bila hata kuinua kichwa.

Mzee Damiani akamtazama Bi Mwajuma, akatazama mbinguni, akanitazama mie. "Mama Mwinjilisti, hakuna wingu."

"Wewe hulioni," nikamwambia. "Mie naliona."

Akageukia viatu. Kisha akainama, akaanza kukusanya viatu jozi kwa jozi, akavipanga ndani nyuma ya mlango, akarudi kuchukua vingine, mpaka barazani pakabaki kigoda peke yake. Akataka kuingia na buti zake kama siku ile ya mafuriko.

"Na vya kwako," nikasema.

"Vya kwangu nimevaa. Nipo kazini."

"Vya kwako navyo, Mzee. Kwangu watu wanavua."

Ndani Mama Tumaini alikuwa amesogea kwenye mkeka, kaacha nafasi ya mtu mmoja, na hakugeuka. Mzee Damiani akakaa kizingitini, akainama, akaanza kufungua kamba. Zilikuwa na fundo la siku nyingi. Tukamsubiri, ndipo tukaanza kuimba.